Sahihi Isiyo Sahihi: Sigara, Kaunta na Sheria za Texas

Safu ya SISI NA MJI



Chama chetu kimejaa watu wanaosoma asubuhi na kusimama kaunta jioni. Kwenye mkutano wa kwanza wa muhula huu tuliuliza ni nani ana ndugu anayefanya kazi kwenye duka la kituo cha mafuta, Dallas, Fort Worth au Houston. Mikono iliyobaki chini ilikuwa michache. Wengine waliinua miwili, mmoja wa ndugu na mmoja wao wenyewe.

Kwa hiyo mwezi huu tunaandika juu ya rafu iliyo nyuma ya kila keshia, ile inayopangwa sigara. Kwamba sigara inadhuru, hilo mnalijua. Kituo cha serikali kuu cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinakadiria kwamba uvutaji unaua watu zaidi ya 480,000 kila mwaka nchini Marekani. Swali letu ni lingine: nani anasimamia uuzaji wake hapa tunapoishi, na sheria ikivunjwa, mzigo unamwangukia nani? Tulipoanza kusoma tulidhani jibu litakuwa fupi: jiji linasimamia, mwenye duka analipa. Majibu yote mawili yana mashimo.

Nani ameshika rungu?

Tuanze na kibali. Mtu akitaka kuuza sigara Houston haendi ofisi ya meya. Anaomba kibali kwa ofisi ya jimbo iliyoko Austin, Texas Comptroller of Public Accounts, ambayo hapa tutaiita Ofisi ya Mhasibu Mkuu. Kila duka lina kibali chake. Ofisi hiyohiyo ndiyo inayosimamia kodi ya sigara, ambayo tangu Januari 1, 2007 ni dola 1.41 kwa pakiti ya sigara 20. Stempu ndogo iliyobandikwa chini ya pakiti ni ushahidi kwamba kodi imelipwa. Tangu Januari 1, 2022 hata anayeuza sigara za kielektroniki lazima awe na kibali cha ofisi hiyo.

Juu ya jimbo kuna serikali kuu. Juni 22, 2009 Rais Obama alitia sahihi sheria iliyoipa FDA, mamlaka ya chakula na dawa, uwezo wa kusimamia tumbaku. Mwaka uliofuata kanuni zake zikaanza kutumika nchi nzima: hakuna kuuza sigara mojamoja, hakuna pakiti yenye sigara chini ya 20, na mnunuzi hajichukulii mwenyewe rafuni isipokuwa mahali ambapo vijana hawaruhusiwi kuingia kabisa. FDA ina wakaguzi wake wanaopita madukani. Duka likikamatwa mara ya kwanza hupata barua ya onyo. Likirudia hutozwa faini.

Je, jiji na kaunti? Hawa ndio macho na miguu. Sheria ya Texas inamtaka Mhasibu Mkuu afanye kazi na polisi wa miji na masherifu wa kaunti, na kuna fedha za jimbo zinazokwenda kwao kwa ajili ya ukaguzi. Chuo cha Texas State kule San Marcos kina kituo cha usalama wa shule kinachoratibu mpango huo. Kinachofanyika ni hiki: kijana mwenye umri mdogo anaingia dukani na kuomba pakiti, na afisa anasubiri karibu. Keshia akiuza, afisa anaingia na kitabu cha kuandikia makosa. Keshia akikataa, kijana anatoka na habari njema.

Kwa hiyo anayekuja mlangoni anaweza kuwa polisi wa jiji au konstebo wa kaunti, ingawa sheria aliyoibeba haikutungwa na jiji. Jiji limepewa fimbo, lakini nani achapwe limeambiwa na mwingine.

Miji ilipojaribu

Haikuwa hivi tangu zamani, na miji yetu si mabubu. Texas haina sheria moja ya jimbo inayokataza kuvuta ndani ya mikahawa na baa zote. Pengo hilo limezibwa na mabaraza ya miji. Dallas ilikataza kuvuta katika mikahawa mwaka 2003, kisha ikaongeza baa mwaka 2009. Houston iliingiza baa mwaka 2007. Fort Worth ilichelewa: baraza lake lilipiga kura Desemba 2017, na baa zikaanza kuifuata sheria mwaka 2018.

Kwenye uuzaji, aliyetangulia ni San Antonio. Januari 2018 baraza la jiji hilo lilipandisha umri wa kununua tumbaku kutoka miaka 18 hadi 21, la kwanza Texas kufanya hivyo. Mwaka uliofuata jimbo likafuata njia hiyohiyo: Gavana Greg Abbott alitia sahihi sheria ya SB 21, ikaanza kazi Septemba 1, 2019, ikiwaacha nje wanajeshi na wale waliokuwa wamekwisha kufikisha miaka 18. Desemba 20 mwaka huohuo serikali kuu nayo ikaweka miaka 21 kwa nchi nzima.

Lakini SB 21 ilikuja na kufuli. Ilisema hakuna jiji wala kaunti inayoweza kuweka umri wa juu kuliko wa jimbo. Mji mmoja ulionyesha njia, jimbo likaipita njia hiyo, kisha likafunga geti nyuma yake. Wanaofuatilia siasa za Texas wataona ni mvutano uleule uliotokea mwaka 2023, Houston ilipoishtaki serikali ya jimbo kupinga sheria ya HB 2127, inayopunguza madaraka ya miji katika mambo mengi. Sisi tunaopiga kura kwa mara ya kwanza tuyajue haya. Ukimlalamikia diwani wako juu ya sigara atakusikiliza, lakini nusu ya majibu yako yako Austin.

Anayeshitakiwa ni nani?

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, na ndiyo sababu ya safu hii.

Kumuuzia sigara mtu wa chini ya miaka 21 ni kosa dogo la daraja C. Faini yake inafika dola 500. Sisi tulidhani faini hiyo ni ya duka. Sivyo. Sheria inasema wazi kwamba mauzo yakifanywa na mfanyakazi, mfanyakazi ndiye mwenye jinai na ndiye anayeshitakiwa. Mwenye duka naye ana adhabu zake kwenye kibali, na zinapanda kila kosa linaporudiwa, hadi kibali kusimamishwa au kufutwa. Ila karatasi ya mahakama inaandikwa jina la yule aliyekuwa zamu.

Fikirieni huyo ni nani katika familia zetu. Ni shangazi aliyefika Fort Worth miaka mitatu iliyopita kutoka kambini. Ni mjomba mwenye shahada ya ualimu ya Kinshasa ambayo hapa haijatambuliwa. Ni binamu anayefanya zamu ya usiku barabara ya Bissonnet kule Houston ili alipe ada. Kwa watu wenye mshahara wa kaunta, dola 500 ni kodi ya nyumba iliyopunguka. Na zaidi ya fedha, fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa na afisa wa sheria. Sisi si mawakili na hatusemi kwamba kosa hili humzuia mtu uraia. Tunasema kwamba ni jambo la kuelezwa mbele ya afisa wa uhamiaji, kwa Kiingereza, na mtu ambaye alikuwa anauza pakiti moja saa tano usiku.

Kuna kinga, nayo ni nzuri kuijua. Ikiwa mnunuzi alionyesha kitambulisho kilichoonekana halali, keshia anaweza kujitetea kwa hilo. Sheria inataka kitambulisho kutoka kwa kila mnunuzi aliye chini ya miaka 30. Kiwe kimetolewa na serikali, kiwe na picha inayofanana na aliyekileta, na kionyeshe kwamba ametimiza miaka 21. Leseni ya udereva inakubalika, hata ya jimbo lingine, na pasipoti pia. Texas inawapa walio chini ya miaka 21 leseni iliyosimama wima, kwa hiyo kadi ya wima ni kengele. Hata hivyo soma tarehe, kwa sababu mtu anaweza kuwa ametimiza 21 na kadi yake bado imesimama.

Fomu ya saa 72

Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye duka amweleze kila mfanyakazi mpya juu ya katazo hili ndani ya saa 72 tangu aanze kazi. Kisha mfanyakazi anatia sahihi fomu. Fomu hiyo lazima iseme mambo matatu: kwamba sheria imeelezwa kikamilifu, kwamba mfanyakazi ameielewa, na kwamba anakubali kuifuata kama sharti la kazi.

Imeelezwa. Ameelewa. Anakubali.

Tuliwauliza watu wetu jinsi ilivyokuwa kwao. Mama mmoja wa Vickery Meadow alituambia kwamba siku ya kwanza alipewa karatasi saba, akaonyeshwa kwa kidole mahali pa kuandika jina, akaandika. "Nilidhani zote ni za mshahara," alisema. Kijana wa Arlington alisema yeye alisoma yake kwa sababu Kiingereza chake ni cha shule ya hapa, lakini mwenzake wa zamu, mzee kutoka Uvira, alitia sahihi papo hapo huku foleni ikimsubiri. Maduka yao hatutayataja. Hatuna ugomvi na duka moja, maana tumesikia habari hiyo kwa watu wengi mno kuamini ni ya bosi mmoja mbaya.

Walimu wetu hupenda kutukumbusha kwamba neno "sahihi" katika Kiswahili lina maana mbili: jina unaloandika kwa mkono wako, na jambo lililo kweli. Hapa tumepata mfano wa darasani. Sahihi ya shangazi ipo kwenye fomu, lakini maneno yaliyo juu yake si sahihi. Sheria haikuelezwa kikamilifu, wala hakuielewa. Siku afisa atakapoingia na yule kijana wa mtego, karatasi hiyo itamlinda mwenye duka na kumwacha shangazi peke yake.

Tuliposoma zaidi tukakuta kitu kingine. Kijana wa chini ya miaka 21 akikutwa na sigara, anaweza kupelekwa kwenye darasa la elimu juu ya tumbaku badala ya faini. Sheria ya Texas inasema kwamba, likiombwa, darasa hilo linaweza kufundishwa kwa lugha nyingine isiyo Kiingereza. Tulifurahi, kisha tukakaa kimya. Lugha ya mama inakumbukwa baada ya kosa. Kabla ya kosa, pale ambapo maelezo ya dakika kumi kwa Kiswahili yangezuia jambo zima, tumekuta fomu tu na kidole cha kuonyesha mahali pa sahihi.

Shikamoo kwanza, kitambulisho baadaye

Si kila shida inatoka kwenye sheria. Nyingine tunazibeba kutoka nyumbani, kwenye malezi ambayo tunayapenda.

Karibu kila mzazi wetu ana hadithi ya kutumwa dukani. Baba anatoa sarafu, mtoto anakimbia, anarudi na sigara mbili na kiberiti, na chenji ikibaki ananunua peremende. Kutumwa ni sehemu ya heshima. Mtoto anayekataa kutumwa anasemwa mtaa mzima. Sasa mleteni baba huyohuyo Houston. Anamtuma mpwa wake wa miaka 19, naye anafika kaunta, na aliye zamu ni mwenzetu wa chama.

"Ni za baba mkubwa," anasema mpwa. "Mpigie simu kama huamini."

Keshia anaamini. Hapo ndipo pagumu: hakuna anayedanganya. Lakini sheria haiulizi sigara ni za nani, inaangalia anayekabidhiwa. Na keshia anajua Jumapili watakutana na baba mkubwa kanisani.

Tumekusanya majibu kutoka kwa wanachama waliozoea kaunta. Lililotupendeza zaidi ni hili: "Mpe shikamoo zangu. Mwambie aje mwenyewe, nitamhudumia wa kwanza." Halimwiti mpwa mwongo, halimvunjii mzee heshima, na mkono hauifikii rafu. Kwa rika letu, mwenzetu wa Irving hutumia maneno haya: "Kaka, nakujua, ndiyo maana nakuomba kitambulisho. Asiyenijua mimi ndiye atakayeniandikia faini." Mwanachama mmoja wa kike aliongeza kwamba maneno "samahani" na "naomba" yanafanya kazi kubwa kuliko sauti kali, hasa usiku ukiwa peke yako dukani. Hilo tunakubali wote, na tunaongeza: hakuna pakiti ya sigara inayostahili ugomvi. Mtu akitisha, usalama wako kwanza.

Kuna pia desturi ya rejareja. Anayetoka Kariakoo au Gikomba amezoea kwamba muuzaji anafungua pakiti na kuuza sigara moja. Hapa ni kosa, hata kwa mnunuzi wa miaka 60. Na zile katoni zinazokuja kwenye sanduku la mgeni kutoka nyumbani na kuuzwa sebuleni hazina stempu ya Texas. Tunajua si jambo dogo machoni pa polisi. Julai 17, 2014, Eric Garner alikufa mikononi mwa polisi kule Staten Island, New York, baada ya kusimamishwa kwa kushukiwa kuuza sigara mojamoja zisizolipiwa kodi. Sisi vijana weusi hatuwezi kuandika juu ya ukaguzi wa sigara na kujifanya hatulikumbuki jina hilo.

Nyumbani je?

Wengine watasema: haya ni mambo ya Wamarekani, kwetu mtu anauza anachotaka. Sivyo.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya kudhibiti tumbaku inakataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18, na inakataza kuuza sigara nje ya pakiti yenye angalau sigara kumi. Katiba ya 2010 ikazipa kaunti kazi ya leseni za biashara, huduma za afya za kaunti na matangazo ya barabarani. Kwa hiyo kaunti ya Mombasa, tofauti na jiji la Houston, ina mkono wake kwenye leseni yenyewe ya duka. Lakini pita kwenye kibanda chochote, utaona pakiti iliyofunguliwa na kiberiti kinachoning'inia kwa uzi. Leseni ipo karibu, mkaguzi yuko mbali. Kampuni ya BAT Kenya ilizipinga kanuni za mwaka 2014 mahakamani hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilitupilia mbali rufaa yake Novemba 2019.

Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2003, nayo inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Waliotushangaza ni Waganda. Sheria yao ya mwaka 2015, iliyoanza kazi Mei 2016, iliweka umri wa miaka 21, ikakataza sigara mojamoja, na ikakataza hata sigara za kielektroniki na shisha. Maana yake Uganda iliitangulia Texas, na Marekani nzima, kwa zaidi ya miaka mitatu. Mjomba akikwambia umri wa miaka 21 ni ukali wa wazungu, mwambie aulize Kampala.

Fedha za moshi

Jambo moja linawahusu hata wasiouza wala kuvuta. Mwaka 1998 Texas ilipatana na kampuni kubwa za tumbaku nje ya hukumu, baada ya kuzidai gharama za kutibu wagonjwa. Kampuni zilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 15 kwa miaka mingi. Sehemu ya fedha hizo iliwekwa kwenye mfuko wa kudumu, na kila mwaka faida yake inagawiwa kaunti na wilaya za hospitali za umma.

Tukizitaja hospitali hizo mtazijua: Parkland ya Dallas, JPS ya Fort Worth, Harris Health ya Houston. Ndizo familia zetu huziendea wakati bima haipo. Serikali za mitaa zimenyimwa sauti kubwa juu ya kibali na umri, lakini wagonjwa wanaishia kwao.

Tulipobishana

Tusijifanye tulikubaliana kila kitu. Sisi wanne tunaoandika safu hii tulibishana jioni mbili.

Mmoja wetu alisema mtego wa kijana ni udanganyifu, na unawanasa wafanyakazi maskini huku kampuni zikinenepa. Mwingine akajibu kwamba mdogo wake wa miaka 14 alianza sigara ya kielektroniki kwa sababu duka la kona halikuuliza chochote, na bila mtego lisingeuliza kamwe. Wa tatu akasema sisi wenye miaka ishirini tuko mahali pa ajabu: tunaruhusiwa kuishika pakiti tukiwa kazini mbele ya mwajiri, tunaruhusiwa kuiuza, lakini haturuhusiwi kuinunua. Wa nne akauliza kwa nini tuwasaidie watu kuuza vizuri kitu kinachoua.

Tulipofika tukakubaliana hivi. Ukaguzi ubaki, kwa sababu ya yule wa miaka 14. Lakini ukaguzi wa haki unaanza na maelezo ya haki. Haiwezekani serikali iwe na pesa za kumtuma kijana kununua sigara kwa shangazi, ikose ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kumweleza shangazi kabla hajatumwa mtu. Na tukimsaidia shangazi kuielewa sheria, hatumsaidii kuuza zaidi. Tunamsaidia kukataa bila woga, na kila anapokataa, mtoto wa mtu fulani anaondoka mikono mitupu.

Tunachopendekeza

Kwanza, chama kitenge Jumamosi mbili za muhula huu, moja Fort Worth na moja kusini-magharibi mwa Houston, tukae na wafanyakazi wa maduka tuwasomee fomu kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Hatutatoa ushauri wa kisheria. Tutasoma, tutatafsiri, tutajibu tunachokijua na kuwaelekeza kwa mawakili wa msaada pale tusipojua.

Pili, walimu wetu watusaidie kuhariri ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi kinachoeleweka na mtu wa Bukavu, wa Nakuru na wa Tanga. Tumeshaanza kugombana juu ya maneno, na hiyo ni dalili nzuri.

Tatu, tuupeleke ukurasa huo kwenye mabaraza. Wananchi hupewa nafasi ya kusema mbele ya baraza la jiji, dakika chache kila mmoja. Tuombe jambo dogo: polisi wanapotembelea maduka kwa elimu, wabebe pia karatasi za lugha zinazosemwa nyuma ya kaunta. Hilo halihitaji ruhusa ya Austin.

Nne, wewe msomaji, wiki hii muulize ndugu yako wa kaunta swali moja: "Ile fomu ya sigara uliyotia sahihi, ilisema nini?" Akijua, mpongeze. Asipojua, mtilie chai mketi.

Maneno ya mwezi

*Kibali*: ruhusa ya maandishi ya kufanya jambo maalumu. Kwenye kikao chetu Wakenya walipendelea "leseni". Tumeyaacha yote mawili.

*Ukaguzi wa kushtukiza*: ukaguzi unaofanywa bila taarifa.

*Stempu ya kodi*: alama iliyobandikwa kwenye pakiti kuonyesha kodi imelipwa.

*Zamu*: muda wa mtu kuwa kazini. Aliye zamu ndiye mwenye kesi.

*Sahihi*: mnaijua sasa, kwa maana zote mbili.

Mwezi ujao safu hii itaandika juu ya basi: kwa nini kutoka Arlington hadi darasani ni safari ya saa mbili. Wenye visa vya vituo, leteni mapema.